Kanda ya Rafiki si Uharamia Wala Ushetani

Mwanafunzi wa shule ya mabweni akikutwa na mkusanyiko wa muziki alioandaliwa na mwenzake, aghalabu huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la sheria: muziki huu umeuiba wapi? La pili ni la imani: makelele haya ya magita ni ibada ya nani? Zamani maswali hayo yaliulizwa juu ya kanda ya kaseti iliyofichwa chini ya godoro. Siku hizi huulizwa juu ya kadi ya kumbukumbu ambayo ni ndogo kuliko ukucha. Chombo kimebadilika, lakini tuhuma zimebaki zile zile. Nia yangu leo ni kuzijibu tuhuma hizo, kisha niwaeleze walimu wenzangu na wanafunzi wetu kwa nini naamini kwamba kumchagulia rafiki muziki, kuupanga na kumpa bila malipo, ni elimu ambayo haifai kupuuzwa.

Nitazungumzia mahali ninapopajua. Nilikulia Kitale na kwa miaka mingi nimefundisha Bungoma, na barabara inayoiunganisha miji hiyo kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye nimeipita mara zisizohesabika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, sisi vijana tuliosomea pande hizo mbili tulikuwa na desturi ya kubadilishana kanda kila likizo. Wengine walipeana benga, wengine rumba ya Kongo. Sisi wachache tulipenda hevi metali, na zaidi ya yote tuliipenda ile isiyo na mwimbaji, yaani magita ya umeme, besi na ngoma peke yake. Muziki huo ulisikika kwa nadra katika redio yetu ya taifa, na vibanda vya kanda mjini havikuuweka kwa kuwa havikuwa na mnunuzi. Kanda moja halisi iliyoletwa na jamaa wa mtu kutoka Nairobi au ng'ambo ndiyo iliyokuwa kisima chetu sote.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini muziki usio na maneno? Jibu ni jepesi. Kiingereza cha waimbaji wale kilikuwa cha haraka na cha kukwaruza, na hata mwalimu wa lugha asingekielewa. Gita, hata hivyo, halihitaji mkalimani. Kijana wa Kimilili aliyezungumza Kibukusu nyumbani na kijana wa Kitale aliyelelewa kwa Kiswahili cha mjini walilisikia kwa masikio sawa. Hapakuwa na wa kujigamba kwamba anaelewa kuliko mwenziwe. Kilichobaki ni kusikiliza tu, na kusikiliza ndiko kulikokuwa kugumu.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, kwa maana vijana wa leo hawakuiona. Kanda ya kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuwa na mipaka isiyobembelezeka. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, wala si zaidi. Kibao kama "Orion" cha kundi la Metallica, kilichotoka mwaka 1986, huchukua zaidi ya dakika 8. Ukikiweka, umetumia zaidi ya robo ya upande mmoja. Hivyo basi ulihitaji karatasi, kalamu na hesabu za kujumlisha. Ulilazimika kukisikiliza kila kibao kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa radio yenye sehemu mbili za kanda ilinakili kwa mwendo ule ule wa kusikiliza, nawe ulikaa kidole kikiwa juu ya kitufe. Baadaye ulivunja vijino viwili mgongoni mwa kanda ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake, kisha ukaandika majina kwenye kadi kwa herufi ndogo. Kanda ya saa moja iliweza kula Jumamosi nzima.

Kazi hiyo ilifundisha mambo ambayo darasani huwa tunayatafuta kwa shida. Ilifundisha uteuzi, kwa sababu huwezi kuweka kila kitu. Ilifundisha mpangilio: kibao kizito kikifuata kingine kizito masikio huchoka, kwa hiyo ni lazima utafute cha kuyapumzisha. Zaidi ya hayo, ilifundisha kumfikiria mwenzako. Huwezi kumpangia mtu muziki bila kujiuliza yeye ni nani, anapenda nini, na ni kitu gani ambacho bado hajakisikia lakini akikisikia atakipenda. Huo ni ukarimu unaohitaji akili. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza kwamba kutoa vizuri ni maarifa pia.

Sasa niijie tuhuma ya kwanza, ile ya uharamia. Mwaka 1981 kampuni za santuri za Uingereza zilianzisha kampeni iliyodai kwamba kurekodi kanda nyumbani kunaua muziki. Muziki haukufa. Na katika hevi metali hasa, ukweli ulikuwa kinyume kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Marekani na Ulaya walitumiana kanda kwa posta, wakinakili na kusambaza makundi ambayo hakuna kampuni iliyoyataka. Metallica yenyewe ilijulikana kwa njia hiyo: kanda yao ya majaribio ya mwaka 1982 ilipita mikononi mwa wapenzi wa muziki huo kabla kundi halijatoa albamu yoyote. Hata hivyo, mwaka 2000 kundi hilo hilo liliishtaki kampuni ya Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana muziki kupitia intaneti. Wengi waliwacheka wakisema wamesahau walikotoka. Mimi sikucheka. Kanda aliyonakiliwa rafiki mmoja na kadi yenye jina lako juu yake si sawa na mtambo unaowagawia watu wasiojuana mamilioni ya nakala. Ukubwa wa jambo hubadilisha jambo lenyewe.

Sheria yetu nayo imelitambua suala hili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanzisha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya shughuli kama vile utafiti, uhakiki na matumizi ya kibinafsi. Inataja hata malipo ya kutozwa vyombo vya kurekodia na kanda tupu ili wasanii wafidiwe kwa nakala zinazotengenezwa majumbani. Maana yake ni kwamba waliotunga sheria walijua kuwa watu hunakili nyumbani, na badala ya kujifanya hawaoni, walitafuta njia ya kumlipa msanii. Lakini matumizi ya kibinafsi si leseni ya kugawa nakala kila apendapo mtu, na mwalimu asimdanganye mwanafunzi kwamba kila kilicho bure ni halali. Mwenye kibanda anayenakili kazi ya mwanamuziki wa Webuye na kuiuza bila kumpa hata senti anamla mwenzake jasho. Huyo ndiye haramia. Mpaka kati ya zawadi na wizi upo, na mwanafunzi anaweza kuuona vizuri kabisa akifundishwa badala ya kutishwa.

Kuna deni jingine ambalo anayegawa muziki wa ala tupu hana budi kulilipa, nalo ni jina. Wimbo wenye maneno ukipotelewa na jina, msikilizaji hukumbuka kiitikio akaulizia. Kibao kisicho na maneno hakina pa kushikwa. Kadi ikipotea, au faili ikipewa jina la ovyo, mpigaji amezikwa akiwa hai. Nimepokea mara nyingi mikusanyiko ambamo kila kibao kimeandikwa "gita 1", "gita 2". Mtengenezaji alikuwa na nia njema, lakini alimnyima fundi kitu pekee ambacho zawadi ingeweza kumpa, yaani kujulikana. Chanda chema huvikwa pete. Pete ya mpigaji ni jina lake kuandikwa.

Tuhuma ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa imewaumiza watoto. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti yake iliwasilishwa Bungeni mwaka 1999. Katika miaka hiyo hofu ilitanda hadi shuleni. Fulana nyeusi, mchoro wa fuvu, au kanda yenye magita makali, vyote viligeuka kuwa ushahidi. Katika shule moja ya mabweni, ambayo sitaitaja, kanda za wanafunzi zilikusanywa na kuchomwa moto uwanjani. Miongoni mwazo ilikuwamo moja niliyoijua vyema, kwa kuwa niliiandaa mwenyewe kwa ajili ya rafiki yangu. Haikuwa na sauti ya binadamu hata moja. Aliyeichoma hakuisikiliza. Rafiki yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili, na alipotoka huko alikuwa na jina ambalo hakulistahili.

Sitetei kila kinachoitwa hevi metali. Yako mashairi ndani ya muziki huo yanayokusudia kukufuru na kuchukiza, na mzazi au mwalimu ana haki ya kuyakataa. Mgala muue na haki umpe. Lakini ala tupu haina tamko. Haisemi kwamba Mungu yupo wala hayupo. Anayeisikia na kudai kwamba inaabudu shetani anatueleza habari za hofu yake mwenyewe, wala hatuelezi habari za muziki. Hapo ndipo muziki usio na maneno unapotufaa sisi walimu: unatuonyesha pale ambapo tunahukumu kabla ya kusikiliza.

Na watu wa Bungoma, kuliko wengine, walipaswa kuwa na tahadhari. Wamisheni wa mwanzo katika magharibi mwa Kenya, ambako Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, waliona mambo ya kipagani katika ngoma na sherehe nyingi za wenyeji, na waumini wakaambiwa waziache. Leo litungu, kinanda cha nyuzi saba cha Wabukusu, hupigwa katika harusi za Wakristo, na wanafunzi huimba na kupiga ala za kwao katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927. Kilichobadilika si nyuzi. Waliokuja baadaye walikubali kusikiliza kile ambacho waliotangulia walikikataa kwa kukidhania. Iweje basi sisi, wajukuu wa waliohukumiwa hivyo, tuwahukumu watoto wetu kwa mtindo ule ule?

Kwa hakika, mwenye masikio atagundua kwamba ala hizi mbili hazitengani kama tunavyodhani. Mpigaji wa gita la hevi metali huchukua kishazi kifupi cha sauti nzito, akakirudia na kukirudia hadi kikakuingia mwilini, kisha akakigeuza kidogo ukashtuka. Mpigaji wa litungu hufanya vivyo hivyo. Ni kweli kwamba kwa desturi litungu huandamana na sauti ya mwimbaji, lakini ziko nyakati ambapo mwimbaji hunyamaza na kuziachia nyuzi ziseme. Kuna na jambo jingine. Cliff Burton, mpigaji besi wa Metallica na mmoja wa watunzi wa "Orion", alifariki Septemba 1986 katika ajali ya basi nchini Uswidi, na kibao hicho kikapigwa katika mazishi yake. Wabukusu wanaelewa jambo hilo. Mzee mashuhuri akifa, wanaye omuswali, msemaji anayetembea mbele ya umati akitoa hotuba ya kumuse, kuwaliwaza wafiwa na kuwakumbusha historia yao. Watu wenye sanaa kubwa hivyo ya maneno wanajua vilevile mahali ambapo maneno hukoma. Muziki ulioitwa wa shetani uliwahi kubeba huzuni ya watu waliompoteza mwenzao, na uliibeba bila kutamka neno.

Ndiyo maana nikaanza, tangu nilipoingia kazini, kuandaa mikusanyiko yenye pande mbili. Upande wa kwanza naweka magita ya mbali, na upande wa pili naweka nyuzi za nyumbani: litungu la Wabukusu, nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Kwa wanaopenda hevi metali husema, anzeni na upande wa pili. Kwa wazee husema, anzeni na wa kwanza. Si wote walionishukuru. Lakini nimemwona kijana aliyelidharau litungu akiuliza nyuzi zake hutengenezwa kwa nini, na nimemsikia mzee akisema kwamba yule Mzungu wa gita ana vidole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wakati mwingine unakuta hakina kunguni hata mmoja.

Jambo la dharura liko katika upande huo wa pili. Magita ya mbali yamekwisha rekodiwa, na hayatapotea hata sisi tukilala. Nyuzi za nyumbani ndizo zilizo hatarini. Wapigaji wengi wa litungu katika vijiji vinavyozunguka mlima Elgon ni wazee, na wanaojifunza kwao ni wachache kuliko wanaofariki. Kila mmoja ana mtindo wake wa kukaza nyuzi na vibao alivyoachiwa na aliyemfundisha. Akiondoka, huondoka navyo. Hilo halingojei bajeti wala kamati.

Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya serikali na wataalamu. Nawajibu kwa kuwaelekeza Kitale. Makumbusho ya Kitale hayakuanza kwa amri ya serikali. Yalianza na mtu mmoja, mlowezi Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu kwa mapenzi yake tu, akafungua makumbusho yake ya kibinafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliliusia taifa mkusanyo huo. Yeye alikuwa na ardhi na fedha, na sisi hatuna. Lakini mwanafunzi wa leo ana kitu ambacho Stoneham hakuwa nacho: simu yenye kinasa sauti mfukoni. Mkusanyo wa nyumbani, ukitunzwa na ukiandikwa majina, unaweza kuwa urithi wa umma.

Kuna atakayeniambia kwamba haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi programu ya simu humchagulia mtu muziki pasipo kuchoka. Ni kweli, na mimi mwenyewe huzitumia programu hizo. Lakini mashine hukuchagulia kinachofanana na ulichokwisha kupenda. Rafiki hukuchagulia usichokijua, akisukumwa na imani yake kwako. Mashine haitamwekea mpenzi wa Metallica litungu la Chwele, kwa sababu haijui kwamba bibi yake alizaliwa huko. Rafiki anajua. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Natoa mwito, basi, kwa wahusika wote. Walimu wakuu na walimu wa nidhamu: mkimkuta mwanafunzi na muziki msioujua, usikilizeni hadi mwisho kabla ya kuandika barua ya kumfukuza. Kama amevunja kanuni ya kutokuwa na simu bwenini, adhibuni kosa hilo, wala msilivike vazi la ushetani. Walimu wa muziki na wa Kiswahili: mtaala wa umilisi umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Utumieni. Kila muhula, chama cha muziki kiandae mkusanyiko mmoja wa dakika 60, nusu ya mbali na nusu ya nyumbani, na kila kibao kiandikiwe maelezo ya aya moja kwa Kiswahili sanifu. Kueleza kwa maneno muziki usio na maneno ni insha ngumu kuliko zote nilizowahi kutahini.

Nanyi wanafunzi, mna wajibu wenu. Msiuze mlichopewa bure. Andikeni jina la kila mpigaji. Mkimpenda msanii aliye hai, mnunulieni kazi yake hata kama ni moja kwa mwaka. Na mtakaporudi nyumbani likizoni, tafuteni mzee mmoja anayepiga litungu, mwombeni ruhusa kwa adabu, mrekodini, muandike jina lake, kijiji chake na jina la aliyemfundisha. Mleteeni nakala yake aisikie, kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa. Nakala nyingine ibaki katika maktaba ya shule. Ya tatu mpeni rafiki.